Ndoano tumboni, sindano tatu kichwani: kisa cha mbwa wa Igombe na kina cha nusukaputi

Mgonjwa alikuwa mbwa dume wa kienyeji, kilo 18, umri wa miaka kama 3, mlinzi wa boti na nyavu kwenye mwalo wa Igombe, kaskazini mwa jiji la Mwanza. Alfajiri alimeza ndoano ya mgonzo (kamba ndefu yenye ndoano nyingi) iliyokwisha kuvishwa chambo cha kambale mdogo, tayari kwenda kutegewa sangara. Kandokando ya Ziwa Victoria visa vya namna hii si vigeni. Mbwa wa mwaloni anaishi kwa mapanki na matumbo ya samaki, na pua yake haitofautishi kambale wa kuokota na kambale mwenye chuma ndani.

Kilichonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu ni kwamba siku ile mezani kulikuwa na kifaa cha kusoma umeme wa ubongo. Ndani ya upasuaji mmoja tuliona mara tatu kwamba jicho, moyo au mguu wa mnyama unaweza kukuambia jambo moja na ubongo ukakuambia lingine, na ukifuata dalili ya mwili peke yake unaweza kumwongezea dawa mgonjwa ambaye alistahili kupunguziwa.

Swali lenyewe, kama mnyama aliye kwenye nusukaputi, yaani usingizi wa dawa, anasikia maumivu, ni la zamani kuliko kifaa chochote. Binadamu aliyesikia kisu akiwa usingizini ataamka na kusimulia. Mbwa akiamka hasimulii. Atalia, au atakataa kuguswa, nasi tutasema ni kidonda kinauma. Basi mzigo wa kujua uko kwetu sisi tuliosimama mezani, na tunapaswa kujua wakati uleule tunapokata.

Alivyofika

Mwenye mbwa, mvuvi wa makamo, alimleta kwenye pikipiki akiwa amempakata. Mshipi wa nailoni ulitokea pembeni mwa ulimi, naye alikuwa ameufunga kwenye kamba ya shingoni ili usizame ndani.

"Umeuvuta, baba?" nikamuuliza.

"Nilivuta kidogo, Dokta, nikaona analia. Nikaacha. Nikasema nisije nikamchana kwa ndani."

Alifanya jambo la maana sana. Ndoano ina mwiba wa kurudi nyuma, na ukivuta mshipi unapasua umio, mahali ambapo kidonda hupona kwa shida. Ukiukata ukaachwa uzame, mshipi unaingia kwenye utumbo na kuukunja. Kuufunga nje na kumleta mbwa kama alivyo ndiyo huduma ya kwanza ninayotaka kila mvuvi aijue.

Joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.9, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, fizi za waridi, tumbo laini. Picha ya eksirei ilionyesha ndoano imeshuka hadi tumboni, karibu na mlango wa juu, ncha ikitazama mbele. Hatukuwa na kamera ya kuingiza kupitia mdomoni. Ikabaki kufungua tumbo.

Dawa na sababu zake

Sehemu nyingi za kanda yetu, mbwa wa kupasuliwa huchomwa zailazini, dawa ya kutuliza, na ketamini, dawa ya kulaza, kwenye msuli, kazi inaanza. Ni mchanganyiko wa bei nafuu na hauhitaji mashine. Lakini zailazini huwatapisha mbwa, na mbwa mwenye ndoano tumboni akitapika, ile chuma inapanda na kuchoma njiani. Kwa hiyo tuliiacha kabisa. Tulimpa pethidini miligramu 3 kwa kilo kwenye msuli, kwa kuwa ni dawa ya maumivu ambayo mara chache humtapisha mbwa. Ubaya wake ni kwamba kwa mbwa haidumu. Baada ya saa moja na ushee nguvu yake inakuwa imeshuka, na jambo hili litarudi mbele.

Kumlaza tulitumia diazepamu miligramu 0.25 kwa kilo na ketamini miligramu 5 kwa kilo kwenye mshipa, kisha mpira wa hewa kwenye koromeo, ukipitishwa polepole kando ya mshipi. Usingizi ulishikiliwa na gesi ya isofluraini pamoja na oksijeni kutoka kwenye mashine ya kukamua oksijeni hewani.

Sindano tatu na kelele zake

Kifaa kilikuwa kidogo, cha betri, kimeunganishwa na kompyuta mpakato. Kililetwa na daktari kijana wa mifugo anayesomea shahada ya uzamili, naye ndiye aliyekaa kichwani mwa mbwa muda wote. Vibandiko vya hospitali za binadamu havishiki kwenye manyoya, kwa hiyo tulitumia sindano nyembamba zinazoingia chini ya ngozi tu: moja katikati ya paji la uso kati ya macho, moja juu ya mfupa nyuma ya sikio, na ya tatu kisogoni kama kituo cha kulinganishia. Ziliingizwa baada ya pethidini kufanya kazi.

Ishara ya ubongo ukiipokea juu ya ngozi ni makumi tu ya maikrovolti. Misuli ya taya ya mbwa, inayofunika pande zote mbili za fuvu, hutoa umeme mwingi kuliko huo. Mbwa aliye macho, anayehema na kulamba midomo, atajaza skrini manyunyu ya misuli na hutaona ubongo hata kidogo. Paji la uso nalo lina uwazi wenye hewa ndani ya mfupa, nao unaipunguza ishara kabla haijafika kwenye sindano.

Halafu kuna umeme wa ukutani. Tanzania mkondo hupiga mara 50 kwa sekunde, na taa ya mirija ilitosha kuugeuza mstari wote kuwa utepe mnene. Tulichomoa chaja ya kompyuta, tukazima taa ile, tukabaki na taa ya upasuaji pekee, ndipo mstari ukasafika. Programu ina kichujio cha kuondoa 50, lakini ni afadhali kelele isiingie kuliko kuichuja ikiwa imeshaingia.

Kelele iliyotupa kazi zaidi ilikuwa ya moyo. Mbwa huyu moyo ulipiga mara 120 kwa dakika, yaani mara 2 kwa sekunde, na umeme wa moyo ulifika mpaka kwenye sindano ya kisogoni. Mawimbi ya polepole ya ubongo uliolala kwa kina, yanayoitwa delta, huwa chini ya 4 kwa sekunde. Mtu asiyejua anaweza kuona vilima 2 kwa sekunde akasema "amelala vizuri", kumbe anasoma moyo. Dawa yake ni kuweka stetoskopu kifuani na kutazama skrini kwa wakati mmoja. Kilima kikitokea sawasawa na kila pigo, hicho si cha ubongo. Tuliisogeza sindano ya kisogoni ikae katikati kabisa, na vilima vikapungua.

Mara ya kwanza: jicho moja, maana mbili

Ketamini ilipoingia, skrini haikutulia kama ambavyo mtu angetarajia kwa mnyama anayelala. Mawimbi ya haraka yaliongezeka, 20 hadi 30 kwa sekunde na zaidi, yakipanda juu ya mengine ya polepole. Programu hutoa pia namba moja: mpaka wa kasi, kwa sekunde, ambao asilimia 95 ya nguvu yote ya mawimbi iko chini yake. Namba hiyo ilisoma 26. Kwa gesi, namba kama hiyo ingemaanisha mgonjwa anakaribia kuamka. Kwa ketamini haimaanishi hivyo. Dawa hii haiuzimi ubongo kwa kuupunguza kasi. Inazuia vipokezi vya NMDA, milango ya kupokelea ujumbe kwenye seli za neva, na kuvunja mawasiliano kati ya sehemu za ubongo huku umeme ukiendelea kuchemka. Ndiyo maana hata vifaa vya hospitali za binadamu vinavyotoa alama kati ya 0 na 100, ambavyo viliruhusiwa Marekani mwaka 1996 na hutaka mgonjwa awe kati ya 40 na 60, hupanda pale mgonjwa anapopewa ketamini, ingawa usingizi umezidi.

Macho nayo hubaki wazi katikati, kope zikigusika zinacheza, mate yanamezwa. Arthur Guedel, daktari Mmarekani aliyepanga hatua nne za usingizi kwa kusoma macho, pumzi na misuli, aliwasoma wagonjwa wa etha, dawa ya zamani ya kulaza. Dalili zake bado zinafundishwa, na kwa gesi zinasaidia: mbwa aliye katika kina kizuri cha isofluraini jicho lake huzama chini kuelekea puani. Kwa ketamini hazina kazi hiyo.

Sasa hapa ndipo mambo yalipotaka utulivu. Gesi ilianza ikiwa asilimia 2.5, kiwango cha kujaza mwili haraka, kwa kuwa ketamini ya kwenye mshipa humwacha mbwa ndani ya dakika 15 hadi 20. Dakika ya 12 jicho lilikuwa bado katikati. Jicho la katikati lina maana mbili zinazopingana. Linaweza kuwa la mbwa aliye juujuu, hasa mwenye ketamini bado mwilini. Linaweza pia kuwa la mbwa aliyepita kina kinachotakiwa, ambaye misuli ya jicho imelegea likarudi katikati lenyewe. Kope ilicheza kwa mbali, kiasi cha kubishaniwa. Msaidizi wangu, kijana makini, aliuliza kama aongeze.

Skrini ilikuwa na jibu. Mawimbi yalikuja kwa mafungu: fungu la sekunde moja au mbili, kisha mstari bapa wa sekunde 3 hadi 5, kisha fungu tena. Hiyo ni dalili ya ubongo uliozidiwa na gesi, unaozimika na kuwaka. Presha ya juu iliyopimwa mguuni ilikuwa imeshuka hadi 84. Tulipunguza gesi mpaka 1.5, na ndani ya dakika chache mistari bapa ikafupika, ikatoweka, yakabaki mawimbi ya polepole yenye vifundo vya mawimbi ya kati kama 10 hadi 12 kwa sekunde. Presha ikapanda hadi 98. Jicho likazama chini.

Msomaji aangalie namba ile ya mpaka ilisema nini wakati mstari ukiwa bapa. Ilisoma 17. Ni namba ya kupendeza kabisa, ambayo mtu angeipita bila wasiwasi, kwa sababu programu ilikuwa inahesabu yale mafungu, na ndani ya mafungu kuna mawimbi ya haraka. Namba moja ya wastani ni kama kumpa nahodha wastani wa kina cha Ghuba ya Mwanza bila kumwonyesha mwamba ulipo. Tangu hapo tulikubaliana kwamba jicho la aliyekaa kichwani litazame mstari kwanza, namba baadaye.

Mara ya pili: alipokuwa kimya lakini anaumia

Ngozi ilichomwa lidokeini, dawa ya ganzi, kwenye mstari wa kukata. Kisu kilipopita, ubongo haukubadilika hata kidogo, moyo 96. Tulifungua kati ya misuli, tukalipata tumbo, tukatia nyuzi mbili za kulishikilia na kuanza kulivuta nje ya jeraha ili uchafu usimwagikie ndani.

Hapo ilikuwa imepita saa moja na zaidi tangu pethidini. Ganzi ya ngozi haifiki kwenye tumbo, na kuvuta tumbo kunanyoosha mishikizo yake yote ya juu. Kijana wa kichwani alisema, "Dokta, polepole yanaondoka." Nilipotazama, yale mawimbi makubwa ya polepole yalikuwa yanasinyaa na mahali pake panajaa mawimbi madogo ya haraka, namba ikatoka 13 hadi 21. Moyo ukapanda kutoka 96 hadi 134. Mbwa hakusogeza hata ukucha. Jicho lilikuwa palepale chini.

Niliacha kuvuta. Kuacha mkono ni jambo la kwanza, na halina gharama. Kisha palikuwa na njia mbili: kuongeza gesi, au kuongeza dawa ya maumivu. Wengi wetu mkono huenda kwenye gesi kwa mazoea. Lakini dakika chache nyuma tulikuwa tumeona gesi ikizidi inafanya nini kwenye presha ya mbwa huyuhuyu. Isofluraini inalaza, haitibu maumivu. Taarifa ya kuvutwa kwa tumbo ilikuwa inapanda kwenye uti wa mgongo na kuufikia ubongo. Kilichohitajika ni kuizuia njiani. Tulimpa lidokeini miligramu 2 kwa kilo kwenye mshipa, kwa dakika 2, taratibu, tukaacha gesi kwenye 1.6. Kwa mbwa lidokeini ya namna hii hupunguza mahitaji ya gesi na hutuliza maumivu ya viungo vya ndani. Kwa paka nisingeifanya, kwa sababu moyo wa paka huelemewa nayo.

Mawimbi ya polepole yalirudi, moyo ukashuka hadi 104, tukaendelea. Ndoano ilikuwa imeshika utando wa ndani, mwiba wote umezama. Tuliisukuma mbele ncha ikatokeza, tukakata mwiba kwa koleo, chuma ikarudi nyuma bila kupasua zaidi, mshipi ukavutwa kupitia mdomoni. Tumbo likashonwa tabaka mbili.

Je, alijua? Mstari mmoja kutoka kwenye paji la uso hauwezi kuapa kuhusu fahamu. Unachoweza kuthibitisha ni kwamba ubongo ulipokea habari ya kuumizwa na ukaitikia. Njia hii imechunguzwa vizuri katika Chuo Kikuu cha Massey, Nyuzilandi, ambako ndama waliwekwa kwenye usingizi mwepesi wa gesi ya halotheni, kisha umeme wa ubongo ukasomwa wakati wa kukatwa pembe. Ndama walikuwa hawasogei wala hawajui kitu, lakini mawimbi yao yalibadilika chuma kilipopita, na kwa wale waliozungushiwa ganzi ya lidokeini kwenye mishipa ya fahamu ya pembe mabadiliko hayo yalizimwa. Kwangu huo ni ushahidi wa kutosha kwamba utulivu wa mwili si kipimo cha maumivu. Na ni hoja nzito kwa kila anayekata pembe za ndama Misungwi au Magu bila kuchoma ganzi kwa kisingizio kwamba mnyama "ameshikiliwa vizuri".

Mara ya tatu: mguu ulioruka peke yake

Tukiwa tunashona ngozi, gesi ikiwa imeshushwa hadi 1.2, mguu wa nyuma wa kulia ulijikunja sindano ilipochoma ukingo wa jeraha. Ukajikunja tena kwa uzi uliofuata. Kila mtu mezani alishtuka, na neno la kwanza lililosemwa lilikuwa "anaamka".

Skrini haikukubali. Mawimbi ya polepole yalikuwa palepale, vifundo vyake palepale, namba 14, moyo 100.

Mwaka 1993 tafiti mbili ziligeuza fikra za madaktari wa usingizi kuhusu mguu wa namna hii. Mmoja ulikuwa wa panya: walipotengwa na sehemu ya mbele ya ubongo, kiasi cha gesi kilichotakiwa ili wasisogee hakikubadilika. Wa pili ulifanyika California kwa mbuzi, kwa kuwa mishipa ya damu ya kichwa cha mbuzi inaruhusu kuupa ubongo damu yenye gesi huku mwili wote ukipata damu isiyo na gesi. Mbuzi wa kawaida alitulia kwa isofluraini asilimia 1.2. Gesi ilipopelekwa kwenye ubongo peke yake, ilitakiwa karibu asilimia 2.9. Maana yake ni kwamba kinachomzuia mnyama asirushe mguu ni gesi iliyo kwenye uti wa mgongo zaidi ya ile iliyo kwenye ubongo. Mguu unaweza kuruka wakati mwenyewe hayupo. Kile kiwango tunachosoma vitabuni, kwamba mbwa wanahitaji isofluraini kama asilimia 1.3 ili nusu yao wasisogee wanapoumizwa, ni kipimo cha kutosogea. Hakikuwahi kuwa kipimo cha kutojua.

Hatukuongeza gesi. Tuliongeza ganzi kidogo kwenye ukingo wa ngozi, ndani ya kiasi kilichosalia cha lidokeini kwa uzito wake, mguu ukatulia, nyuzi za mwisho zikaingia. Hesabu ya lidokeini ni lazima ifanywe kwa jumla, ya ngozi na ya mshipani, kwa kuwa sumu yake hujumlishwa.

Kuamka

Joto lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 36.4, nalo lenyewe hupunguza mahitaji ya gesi na kuuchelewesha ubongo kuamka. Tulimfunika blanketi na chupa za maji ya moto zilizozungushiwa taulo. Gesi ilipofungwa, mawimbi makubwa yaliondoka kwanza, kisha skrini ikajaa manyunyu ya misuli ya taya, na hapo sindano za kichwani hazikuwa na la kusema tena. Masikio yalishaanza kucheza. Mpira wa hewa ulitolewa alipomeza.

Kukaa naye baada ya hapo si hisani. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta mbwa asilimia 0.17 na paka asilimia 0.24 walikufa kwa sababu zinazohusu usingizi wa dawa, sungura wakifika asilimia 1.39. Karibu nusu ya vifo vya mbwa vilitokea baada ya upasuaji, vingi vikiwa ndani ya saa 3 za mwanzo, yaani pale ambapo watu wameshavua glavu na kwenda kunywa chai. Mbwa wetu aliangaliwa pumzi, rangi ya fizi na joto hadi alipojiinua mwenyewe akalalia kifua. Dawa za kundi la meloksikamu tuliziacha kwa ajili ya kidonda cha tumbo. Maumivu yalitibiwa kwa pethidini tena usiku ule.

Mwenye mbwa alirudi asubuhi. Mbwa alisimama, mkia ukaanza kazi yake.

"Dokta, alisikia?"

Nilimjibu kama nilivyoandika hapa: "Ubongo wake ulikuwa umelala, baba. Kuna dakika chache tulipovuta tumbo, maumivu yalifika kichwani. Tuliyaona, tukasimama, tukampa dawa, yakashuka." Alitikisa kichwa kukubali. Sijawahi kuwa na jibu la namna hiyo kwa mtu mwingine aliyeniuliza swali lile, na wanauliza wengi.

Kwa wasio na kifaa

Kifaa hiki si kigeni kwa wanyama. Richard Caton wa Liverpool, mwaka 1875, alipoeleza umeme wa ubongo kwa mara ya kwanza, alikuwa ameupima kwa sungura na nyani; Hans Berger aliupata kwa binadamu mwaka 1924 na kuuchapisha 1929. Hata hivyo alama za tayari, zile za 0 hadi 100, zimetengenezwa kutokana na vichwa vya watu. Sizishauri kwa mbwa wala mbuzi. Mstari wenyewe unasomeka kwa mnyama yeyote, ilimradi unajua dawa gani imeingia na saa ngapi.

Daktari wa mifugo aliye Sengerema au Ukerewe mwenye zailazini na ketamini tu anaweza kuchukua mambo yaleyale bila sindano za kichwani. Mnyama wa zailazini peke yake hajapewa nusukaputi. Ametulizwa, na anaweza kushtuka na kung'ata. Ng'ombe na mbuzi huzidiwa nayo upesi mno, ng'ombe akihitaji kama sehemu moja ya kumi ya dozi ya farasi, kwa hiyo usalama wake uko kwenye dozi ndogo pamoja na ganzi nzuri ya lidokeini mahali pa kukata. Jicho wazi la ketamini lisikufanye uongeze, wala lisikutulize. Moyo ukipanda ghafla ulipovuta kitu, acha kukivuta kwanza. Dawa ya maumivu iandikwe na saa yake, ili ujue inaisha lini. Kwa mbwa aliyechomwa pethidini, kama upasuaji utapita saa moja, nyongeza iwe mkononi kabla tumbo halijaguswa.

Kwa mbwa mwingine wa ndoano tutaanza dripu ya lidokeini maikrogramu 50 kwa kilo kwa dakika kabla ya kulivuta tumbo, na gesi itaanzia asilimia 2. Sindano za kichwani zinaoshwa, zinachemshwa na kufungwa kwenye kisanduku chake. Rekodi nzima ya mawimbi ya mbwa wa Igombe imehifadhiwa pamoja na karatasi ya dawa yenye saa zake, dakika kwa dakika, kwa sababu mstari usio na karatasi hiyo hausomeki. Nyuzi zilitolewa baada ya siku 10, kidonda kikiwa kimefunga.